Kupitwa na Kupitisha

Jina la Chujio alipewa na wauguzi, na kama yalivyo majina ya kupewa, likamganda mpaka la kwao likasahaulika. Alikuwa mlinzi wa geti la ndani pale hospitalini, lile la chuma lenye rangi ya kijani iliyobabuka, linalotenganisha ua wa mapokezi na ngazi za kupandia wodini. Anayetaka kumwona mgonjwa wake lazima apite pale. Na kupita pale, nawaambieni, haikuwa kazi ya kitoto. Waliomwita Chujio walimpunja, maana chujio angalau hupitisha chai. Mama yule hakupitisha hata mvuke.

Saa za kuona wagonjwa zilikuwa mchana kidogo na jioni kidogo. Ukitoa hizo, geti limefungwa, ufunguo umening'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu, na yeye mwenyewe yuko kwenye kiti cha plastiki, miguu kaikunja, macho kayatoa. Watu walikuja na kila hila chini ya jua. Wapo waliolia. Wapo waliobeba termosi tupu wakisema daktari kaagiza maji moto. Yupo mmoja aliyejifanya kuzirai palepale getini ili aingizwe kwa machela, Chujio akamtazama, akamwambia, "Ukimaliza, uondoke hapo, watu wanapita." Yule bwana akazinduka, akajikung'uta, akaenda zake.

Walinzi wenzake wakidanganywa walisema tu, "Nimedanganywa," basi, yameisha. Chujio hapana. Kwake kila hila ilikuwa na jina lake, na ole wako ukichanganya. Mtu akichomoka mbio wewe umeinama kufunga kiatu, huyo kakupiga chenga, na wala si aibu, ana miguu mizuri tu. Akikusifia sare imekukaa, akakuuliza unapaka mafuta gani usoni, huyo anakuvisha kilemba cha ukoka. Akikushikisha kikapu ukikague huku mwenzake anapenya ubavuni, wamekupiga changa la macho. Akisubiri zamu yako iishe aje kwa mwingine, huyo kakuzunguka. Lakini kubwa lao, lile la kumfanya mtu mzima atamani ardhi ipasuke, ni kuingizwa mjini. Hapo mtu kasimama mbele yako, kakutazama usoni, kakupa hadithi, na wewe kwa mkono wako mwenyewe ukachukua ufunguo ukamfungulia.

"Hapo hujaibiwa," alikuwa akiwaambia wenzake. "Hapo umegawa mwenyewe."

Alijua anachosema, maana aliwahi kugawa. Zamani alikuwa na mume, dereva wa malori. Siku moja mume akamwambia kapata safari ndefu ya kikazi, atakawia. Chujio, wakati huo bado hajawa Chujio, ni mke wa mtu anayependa kucheka, akampangia begi. Akampigia pasi mashati mpaka kola zikasimama zenyewe. Akamsindikiza hadi barabarani, akampungia mkono. Kumbe safari yenyewe ilikuwa mtaa wa tatu tu, na lile shati jeupe alilolinyoosha kwa mapenzi yote ndilo bwana alilovaa kumuoa mwanamke mwingine. Jirani mmoja aliyekuwepo harusini hakuwa na haya, alikuja kumsimulia na kumpa hongera kwamba shati lilinyooka. Kuachwa hakukumuuma sana. Wanawake wanaachwa kila siku na jioni wanapika. Kilichomuuma ni pasi.

Tangu hapo hakuchukua neno la mtu kama lilivyo. Sukari akinunua aliionja palepale dukani. Simu ikilia aliuliza kwanza namba yake umeipata kwa nani, salamu baadaye. Nyumbani aliishi na binti yake mkubwa na wajukuu, na mshahara wa geti ndio uliowaweka mjini, kwa kuwa binti alikuwa bado anatafuta kazi na baba wa watoto alishapotea kama wanavyopotea. Binti alichoka kuulizwaulizwa. "Mama," alimwambia siku moja, "wewe hata jua likichomoza utaliuliza lilikuwa wapi." Chujio hakucheka. Alimtazama binti yake akijiuliza kwa nini leo anataka kumchekesha.

Sasa, mwaka ule akaletwa msimamizi mpya wa walinzi. Wakamwita Afande kwa sababu ya filimbi yake na mwendo wake wa kukanyaga sakafu kana kwamba ina kosa. Siku ya kwanza tu akawapanga ukutani, akatangaza sheria.

"Kuna kupitwa, na kuna kupitisha," alisema. "Mlinzi aliyezidiwa akili, mtu kamdanganya naye kaamini, huyo amepitwa. Huyo ni mjinga, na mjinga anaonywa, anahamishwa geti. Lakini mlinzi aliyejua hairuhusiwi halafu akafungua kwa huruma yake, au kwa mfuko wake, huyo amepitisha. Huyo anaacha sare hapahapa, anakwenda kwao. Hata mgonjwa awe mahututi, bila kibali kutoka wodini hafunguliwi mtu. Tumeelewana?"

Wakaelewana. Halafu Afande akaanza mitego. Akawa anatuma watu wake, watu wasiowajua, waje getini na vilio vya kutunga. Wa kwanza kunaswa alikuwa mlinzi wa geti la nyuma, kaka mmoja mrefu, mpole, asiyejua kusema hapana. Alijiwa na mwanamke mjamzito anayeomba kumwona dada yake. Kumbe mimba ni mto wa kulalia. Yule kaka alipoulizwa ofisini, kwa upole wake uleule akasema kweli: pembe ya mto aliiona ikichungulia, lakini alimwonea huruma, alijua mtu hawezi kujifunga mto tumboni bila shida. Laiti angesema kazidiwa akili angebaki. Mchana ule akavuliwa koti la kazi mbele ya watu, akatoka na fulana ya ndani. Chujio alimwona akivuka ua, akashika ule ufunguo shingoni.

Ndipo akaja Fundi Redio.

Alikuwa mzee mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa chini, mtu wa kutengeneza redio mtaani tangu redio zikiwa na betri nene. Mara ya kwanza alikuja katikati ya asubuhi, kabeba sanduku la vifaa.

"Shikamoo, mzee," Chujio akamwamkia. Alikuwa na adabu zake, hata mtu anayetaka kumfukuza alimwamkia kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Nimeitwa kutengeneza redio ya wodi ya wanawake."

"Wodi ya wanawake haina redio."

"Unaona sasa?" mzee akasema. "Ndiyo maana nimeitwa."

Chujio ilibidi aume mdomo. Akamwonyesha benchi lililokuwa uani, mkabala na geti, mzee akaenda kukaa bila ugomvi, akawa anatazama madirisha ya juu. Baadaye akaondoka.

Mara ya pili alikuja kavaa koti jeupe. Lilikuwa la mwenye bucha, hilo halikuhitaji upelelezi, maana harufu ya mafuta ya ng'ombe ilitangulia kufika kabla ya mwenyewe.

"Wewe ni daktari wa nini?" Chujio akauliza.

"Wa mifupa."

"Naona. Na ya supu pia unatibu?"

Mzee akacheka sana, akajishika magoti, akarudi benchini kwake. Mara ya tatu akajaribu sifa. Alisema hospitali nzima ingekuwa na watu kama yeye, wagonjwa wangepona kwa kuona haya tu. Chujio akamwambia kilemba hicho ampelekee mwenye kichwa kitupu, yeye tayari ana kofia ya kazi.

Nisiwafiche, mchezo ule ulianza kumpendeza. Ilikuwa miaka hajatamani kujua mtu atasema nini. Asubuhi akivaa sare alijikuta anawaza leo mzee atakuja na lipi. Na hapo hapo, alipojiona anawaza hivyo, machale yakamcheza. Mzee huyu ni nani? Mbona anajua kusema hivi? Watu wenye wagonjwa hawana utani, wana vikapu na nyuso zilizokunjamana. Na mbona saa za kuona wagonjwa, geti likiwa wazi kwa kila mtu, haonekani hata kivuli chake?

Akamuuliza.

"Mke wangu ana dada zake," mzee alijibu. "Mashemeji zangu hao wanajaa pale kitandani kwake dirishani tangu geti linafunguliwa mpaka linafungwa. Wanasema mimi ndiye niliyechelewa kumleta hospitali. Nikitia mguu mlangoni wanaanza maneno, na mgonjwa anasikia. Sasa niende nikamletee mke wangu kelele?"

Hadithi ilikaa vizuri. Ilikaa vizuri mno, na Chujio aliogopa hadithi zinazokaa vizuri. Akaamua kuchunguza. Akamuuliza muuguzi wa zamu kama kule juu yupo mama mgonjwa kitanda cha dirishani. Yupo, akajibiwa, na dada zake huja kila siku. Na mume wake?

"Mume?" muuguzi akafikiri. "Mimi mume sijawahi kumwona."

Basi, Chujio akaona kesi imekwisha. Hakuna mume. Wala hakujiuliza huyo mume angeonekana vipi ikiwa yeye mwenyewe ndiye aliyemweka benchini. Mtu mwenye shaka ndivyo alivyo, jamani, anachimba kila mahali isipokuwa chini ya miguu yake. Na kama haikutosha, siku iliyofuata akamwona Afande akipita pale benchini, akampa mzee mkono, wakasemezana kidogo, Afande akaenda zake. Afande alikuwa na tabia ya kuwapa mkono wazee wote, lakini Chujio hilo hakulikumbuka. Alichoona ni mtego na mwenye mtego wakipeana mkono mchana kweupe.

"Kumbe," alijisemea. "Mnanichezea shere. Mimi, wa kutumiwa babu!"

Akajiapiza. Mzee yule aje na sanduku, aje na koti, aje na mabawa ya malaika, hapiti.

Mzee akaja bila kitu.

Ilikuwa asubuhi ya saa za madaktari kuzunguka wodi, wakati ambao geti hukazwa kuliko wakati wowote. Alivuka ua mikono mitupu, akasimama mbele ya vyuma. Hakutabasamu. Chujio akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akitafuta hila ilipofichwa. Hakuiona, na hilo likamtia hofu zaidi. Alishawahi kusikia kwamba wajanja wakubwa mwishoni huja bila ujanja. Akajikaza, akaanza na adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Shikamoo," mzee akasema.

Chujio akainuka kitini.

"Wamenipigia simu," mzee akaendelea, sauti yake ya chini, hatazami mtu. "Muuguzi mmoja. Kasema niwahi. Kasema mke wangu ananiita na huenda asifike mchana. Sina kibali, mwanangu, hakuniambia habari za kibali. Nifungulie."

Chujio hakusikia vizuri hayo yote. Alikuwa bado yuko kwenye salamu. Mzee mwenye mvi, mwenye umri wa baba yake, kamwamkia shikamoo. Kaambiwa shikamoo naye kajibu shikamoo, na wala hakujisikia, wala hakujisahihisha. Katika miaka yote ya geti, Chujio alishaona machozi ya vitunguu, mito ya mimba, bandeji zilizochovywa rangi. Hilo hakuwahi kuliona. Mtu akipanga uongo anaupanga wote, maneno anayakariri, uso anauandaa, lakini salamu inatoka yenyewe. Ili mzee apoteze marahaba yake, lazima kichwani mwake msiwe na mtu kabisa.

Akakimbilia simu ya kibandani, akapiga wodini kuomba kibali. Simu ikalia mpaka ikachoka. Akapiga tena. Hakuna aliyeinua, wote walikuwa nyuma ya madaktari. Akageuka, mzee yuko palepale, kashika chuma cha geti kwa mikono miwili.

Akamkumbuka yule kaka mrefu akivuka ua na fulana. Akawakumbuka wajukuu. Mtego ni huu, akili ikamwambia, na ukifungua umekwisha. Akatoa kamba shingoni, akafungua.

"Panda," akasema. "Panda haraka, mzee, usikutane na Afande."

Mzee akapita bila kusema ahsante. Miguu yake ikasikika ngazini, kisha haikusikika.

Geti lilipofungwa tena ndipo shaka ikamrudia, sasa ina meno. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akihesabu makosa yake. Mzee hateremki. Mbona hateremki? Angekuwa mtu wa Afande angeshateremka akacheka. Au kapitia ngazi za nyuma, kaenda ofisini kupeleka taarifa? Na ile shikamoo, je? Mtu aliyebuni redio isiyokuwepo atashindwa kubuni salamu? Mchana saa za wagonjwa zikaja, watu wakapita na vikapu vyao, wale dada za mgonjwa wakapita, yeye anawatazama hawaoni.

Baadaye kidogo akaja mama wa usafi, na ndoo yake, akamwinamia sikioni. "Afande anakuita. Daktari kamkuta mwanaume wodini wakati wa raundi, kalalamika. Sikiliza, dada yangu. Usilete uungwana wako. Sema umepitwa. Sema kakudanganya, kakuzidi akili, basi. Utahamishiwa kule kwenye majalala, lakini utakula."

Chujio akavua kofia, akaivaa tena, akaenda.

Ofisi ya Afande ilikuwa chumba kidogo nyuma ya jenereta, na ukitaka kusikiwa ilibidi upaze sauti. Walinzi wawili watatu walikuwa mlangoni wakijifanya wana kazi pale. Afande alikuwa amesimama.

"Wewe," alisema. "Wewe niliyekuwa nawatolea wenzako mfano! Asubuhi umefungua geti bila kibali. Nieleze. Umepitwa au umepitisha?"

Rahisi kiasi hicho. Neno moja dogo, na mshahara unabaki. Chujio alifungua mdomo alitoe, likakataa. Miaka yote aliyokaa akijikusanya tangu siku ya pasi, yote ilisimama juu ya jambo moja tu, kwamba hakuna tena mwanadamu atakayemwingiza mjini. Alikuwa hana cheo, hana nyumba yake, hana mume. Alikuwa na hilo. Sasa aseme mbele ya hawa vijana wenye meno nje kwamba mzee wa redio kamweza? Na tena si kweli. Hakudanganyika, alijua sheria, alifungua kwa kupenda mwenyewe. Akashusha pumzi, akaanza, "Afande, mimi..."

"Hodi!" mtu akasema nyuma.

Walinzi wakapisha. Fundi Redio akaingia, uso umeoshwa, shati lina maji kifuani, na anacheka. Anacheka kweli, mabega yanacheza.

"Afande, usimtese bure mama wa watu," akasema. "Nimesikia naitwa, nikajileta mwenyewe. Huyu nimemwingiza mjini. Nimemlia hapo getini eti mke wangu anakata roho! Mke wangu yuko juu anakunywa uji, tena anataka wa pili."

Jenereta ikanguruma.

"Nimejaribu redio, kakataa," mzee akaendelea, akipiga paja. "Nimejaribu udaktari, kaninusa. Mgumu huyu! Nikakaa kule benchini nikafikiri. Leo kaniamkia shikamoo, na mimi nikamjibu shikamoo. Umeona ufundi huo? Nimejifanya nimechanganyikiwa mpaka sijui mkubwa nani na mdogo nani. Akaingia mwenyewe, na miguu yote."

Walinzi wakaangua kicheko. Afande alijizuia kidogo, halafu naye akashindwa, akacheka mpaka filimbi ikaruka kifuani. Chujio alimtazama yule mzee, na chuki aliyoisikia hakuwahi kuisikia hata kwa yule wa shati jeupe. Kwa hiyo na ile shikamoo nayo! Kitu kimoja alichokiamini katika miaka yote hii, kitu kimoja tu, nacho kilikuwa cha kutengeneza, na sasa kinauzwa hapa kwa kicheko cha vijana.

"Ni kweli?" Afande akamuuliza, akijifuta macho. "Kakuingiza mjini?"

Mzee akamgeukia. Alikuwa bado anacheka kwa mdomo, lakini macho aliyakaza kwake, hayapepesi, na Chujio akayaona ni mekundu. Akadhani ni ya kucheka.

"Ni kweli," Chujio akasema. Ilimtoka kwa taabu. "Kanizidi akili. Nimepitwa."

"Basi umepitwa," Afande akasema, karibu kwa furaha. "Onyo. Kuanzia kesho geti la majalala. Na wewe mzee, nikikuona tena na maigizo yako nitaita polisi. Nendeni."

Mzee akainamisha kichwa, akatoka kwa haraka kupita umri wake. Chujio alipofika nje, wenzake walikuwa wameshaanza. "Chujio limetoboka!" mmoja akaimba. Mwingine akamwamkia shikamoo, mwenzake akajibu shikamoo, wakaangukiana. Yeye hakuwajibu. Alimtafuta mzee kwa macho ua mzima, na benchini hayupo. Alitaka kumpata. Alitaka amwambie kwamba yeye alikuwa tayari kufukuzwa kazi, kwamba alikuwa anafungua mdomo kusema kweli kwa ajili yake, kwa ajili ya mkewe anayekunywa uji. Basi kama mzee hayupo, mke yupo. Atamwona huyo mke kwa macho yake, ashike bakuli lake, na akimkuta mzee kitandani hapo atamwambia maneno ambayo wodi nzima itayakumbuka.

Akapanda ngazi. Miaka yote ya kuzilinda hakuwa amezipanda zaidi ya mara chache, na zikamtoa pumzi. Juu akasukuma mlango, akakata moja kwa moja mpaka dirishani.

Kitanda kilikuwa na chuma tu. Godoro lilikuwa limekunjwa, limeegemezwa ukutani, na sakafu chini yake ilikuwa bado haijakauka.

"Amehamishwa?" akamuuliza muuguzi kijana aliyekuwa akikusanya mashuka.

"Yule mama wa dirishani? Amefariki, mama. Kabla ya adhuhuri. Dada zake ndio wametoka sasa hivi, wameufuata mwili." Muuguzi akaweka mashuka chini. "Lakini mume wake alimuwahi. Nilimpigia simu mwenyewe, mama alinipa namba, na ndiyo kwanza tukamwona kwa macho. Daktari alitaka kumtoa, tukamwombea. Kamshika mkono mpaka mwisho, wakawa wanaongea, sijui wanaongea nini, mama wa watu akacheka hata. Mimi sijaona mgonjwa wa namna ile akicheka."

Chujio alishika chuma cha kitanda.

"Baada ya hapo alikaa tu," muuguzi akaendelea. "Halafu kaniuliza jambo moja, la ajabu. Kaniuliza yule mwanamke wa getini, yule aliyemwamkia naye akaitikia shikamoo bila kujijua, watamfanya nini. Nikamwambia, kwa Afande, ukipitisha unafukuzwa, ukipitwa unaonywa tu. Akanitaka nimweleze mara mbili, kupitwa ni nini na kupitisha ni nini. Halafu akaenda pale kwenye sinki, akanawa uso, akanawa, akanawa, akasema anateremka."

"Alikuja anacheka," Chujio akasema.

"Nani?"

"Huyo mume. Alikuja ofisini anacheka. Kacheka mpaka Afande kacheka, mpaka wale vijana wakashikana. Kasema mkewe anakunywa uji." Akaivua kofia ya kazi. "Na mimi nimemwamini. Nimepanda ngazi zote hizi nije nimtukane."

Muuguzi kijana akavuta stuli, akamkalisha. Chujio akainamia kile chuma kitupu, akalia kwa sauti, wagonjwa wakageuka vitandani kumtazama, na hakujali anaonwa na nani.